Risasi Iliyozungukia Kulia

Saa mbili asubuhi, jua limeshapanda juu ya makuti ya karakana, na Fundi Bashiru Mtoro anainua mtutu wa bunduki hadi usoni kama mpiga zumari. Haupulizi. Anafumba jicho la kushoto, anauelekeza kwenye mwanga na kuchungulia ndani yake kwa jicho la kulia.

"Laini," anasema.

Karani aliyekaa juu ya sanduku anaandika. Fundi anauweka mtutu chini, anachukua mwingine. Vizibo vya nyuma alishavifungua tangu jana, ili mwanga upite kutoka tundu hadi tundu.

"Laini. Huu nao laini. Huu ulikuwa wa kufukuzia nguruwe shambani, tazama ulivyoliwa na kutu." Wa nne anakaa nao kidogo, anauzungusha polepole. "Mifuo mitatu, mifereji mipana humu ndani. Wa Kiingereza, wa zamani sana. Sidhani mwenyewe alijua ana nini mkononi."

Akishamaliza kuchungulia, anaubana mtutu kwenye jiliwa, anachukua msumeno wa chuma na kuukata vipande vitatu. Vipande vinatupwa kwenye lundo lililo nyuma ya karakana, pembeni mwa mikoko, ambako maji ya chumvi huvila taratibu.

Hii ndiyo kazi ya Fundi Bashiru, mwenye miaka arobaini na minane kwa hesabu yake mwenyewe, katika boma moja la serikali kwenye delta ya Rufiji, mwendo wa nusu siku kwa mtumbwi kutoka Nyamisati. Tangu mwishoni mwa mwaka 1905 hadi leo, mwaka 1907, amekata bunduki elfu moja mia moja na arobaini zilizonyang'anywa watu wa bonde na wa vilima vya kusini. Zilizokuwa na mifuo ni thelathini na saba tu.

"Ukitaka kujua vita hii ilikwendaje, usimuulize mtu," anamwambia mwandishi wa gazeti hili, akipuliza vumbi la chuma kutoka mezani. "Chungulia humu. Watu elfu moja na zaidi waliingia vitani wameshika mianzi ya chuma."

Kwa kazi hiyo hulipwa vibaba viwili vya mtama kwa siku. Vibaba hivyo vinamlisha yeye, mkewe Mwanahawa, binti yao Mashavu, na watoto wawili wa marehemu mdogo wake. Hakuomba kazi hii, na hana ruhusa ya kuiacha.

Fundi Bashiru amezaliwa Nyamisati, na ufundi ameurithi kwa baba yake. Kabla ya vita alikuwa na kiwanda chake kidogo, mvukuto na fuawe, akiwatengenezea shoka wakata boriti wa mikokoni na majembe walimaji wa mpunga wa Maparoni. Bunduki zilikuwa kazi ya pembeni. Mtu akivunja mtambo wa gobori lake, humletea.

Lakini kazi hiyo ya pembeni ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Bunduki ikifika mkononi mwake, jambo la kwanza ni kuchungulia ndani.

"Nje zote zinafanana," anasema. "Mti na chuma. Tofauti iko ndani."

Gobori, anaeleza, ni laini kwa ndani kama mwanzi uliotolewa vifundo. Unashindilia baruti, unashindilia risasi au vipande vya chungu cha chuma, na kinachotoka kinakwenda kinapopenda. Ukivuka hatua hamsini, unamwombea Mungu tu.

Bunduki yenye mifuo ni kitu kingine. Ndani ya mtutu wake fundi wa Ulaya amechonga mifereji myembamba inayozunguka kama hesi za parafujo. Risasi inapopita, mifereji inaibana na kuizungusha, nayo inatoka inazunguka kama pia. Kitu kinachozunguka hivyo hakiyumbi. Bunduki ya askari wa serikali ina mifuo minne, nayo inazungukia kulia. Ziko za mifuo mitatu, ziko za saba, na zipo zinazozungukia kushoto.

"Na kila risasi inaondoka na alama za mtutu wake," anasema. "Inachorwa ubavuni. Ukiiokota, unaona imepita wapi."

Anasema maneno hayo kwa sauti ya chini, kisha anarudi kwenye msumeno wake.

Vita ilipoanza katika vilima vya Wamatumbi, katikati ya mwaka 1905, Bashiru aliitwa bomani kusafisha bunduki za askari, akahamishia kiwanda chake jirani na boma. Walikuwa kumi na wawili, wamekuja kulinda shamba la pamba la serikali kando ya Kibiti, ambako watu walikuwa wameanza kuing'oa miche waliyolazimishwa kuipanda. Kila jioni aliwasafishia bunduki zao kumi na mbili na kuzirudisha kwenye chumba cha silaha. Alizijua moja moja.

Huko mtaani walimwita mtu wa Wadachi. Mdogo wake, Khamisi, ndiye aliyeumia zaidi kwa jina hilo.

Siku moja Khamisi alimfuata kiwandani akiwa na mtu aliyefuatana naye kila mahali siku zile, mwinda tembo aitwaye Swalehe. Huyu alikuwa Mmatumbi aliyeoa upande wa Mkongo. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na bunduki iliyojulikana bonde zima: bunduki ya Kifaransa ya kutia risasi kwa nyuma, aliyoinunua Kilwa zamani. Bashiru alishaitengeneza mara mbili. Wote wawili walikuwa wamekunywa dawa, yale maji yaliyosemwa kwamba yatazigeuza risasi za Wadachi kuwa maji.

"Kaka, tumekuja kukuaga," Khamisi alisema. "Au kama una moyo, twende sote."

Bashiru alichukua mtutu wa bunduki ya askari uliokuwa mezani, akamwekea jichoni.

"Chungulia, mdogo wangu. Unaona nini?"

"Naona mistari inazunguka."

"Hiyo mistari ndiyo inayoua. Bomani walipofanya majaribio, nilikuwapo. Hatua mia tatu, risasi ilipasua migomba mitatu iliyopangwa foleni. Gobori lako, kwa hatua thelathini, halikuvuka mgomba mmoja. Maji gani yatakayozuia kitu hicho?"

Khamisi alicheka. Swalehe hakucheka. Alisema maneno ambayo Bashiru anayakumbuka kama alivyoyasikia: "Fundi, wewe umechungulia bunduki zao mpaka umeziamini kuliko watu wako."

Wakaondoka. Baada ya siku kumi na tisa zikaja habari kutoka vilimani. Khamisi alikuwa mstari wa mbele. Hakufika hatua mia moja kutoka walipokuwa askari. Aliacha watoto wawili, mkubwa ana miaka mitano, na mama yao akafariki kwa njaa mwaka uliofuata.

"Nilimchukia Swalehe," Bashiru anasema. "Wadachi sikuwachukia hivyo. Mdachi simjui. Swalehe alikuja kwangu, akasimama kwenye kizingiti changu, akamchukua mdogo wangu mbele ya macho yangu. Halafu yeye akarudi mzima."

Ni kweli kwamba Swalehe alirudi. Mwezi Oktoba alionekana njiani kuelekea Mkongo, kwa mkewe Tatu. Aliwaambia watu kwamba amechoka, amezika wenzake wengi, na maji hayakuwa na kitu. Alipofika karibu na Kibiti alipumzika siku mbili katika dungu, kibanda cha kulindia shamba, la rafiki yake mmoja wa kijiji cha Tatu.

Katika siku mbili hizo aliuawa msimamizi wa shamba la pamba.

Msimamizi huyo, Shabani, alikuwa mtu wa pwani, na wengi walimwogopa kwa kiboko chake. Alasiri moja alikuwa katikati ya pamba, watu wakasikia milio ya bunduki, na alipookotwa alikuwa na risasi kwenye mfupa wa nyonga, imeingilia nyuma. Alikufa kesho yake. Mganga wa boma aliitoa risasi. Ncha ilikuwa imepondeka, lakini kitako chake kilibaki kizima.

Askari walisema wamemsikia muasi akikimbia porini. Waliupekua upande wote ule, na ndani ya dungu wakamkuta mtu wa vilimani, amekunywa dawa, ana bunduki ya kutia risasi kwa nyuma. Hawakuhitaji kutafuta zaidi.

Jioni ya siku ile Shabani alipopigwa, Bashiru anasimulia, askari walimletea bunduki zao kusafisha kama kawaida. Sita zilikuwa safi. Sita zilikuwa na masizi ya baruti.

"Nikawauliza, mmepiga nini? Mmoja akasema, tumepiga waasi porini. Mwingine akacheka, akasema, waasi wa miguu minne. Nguruwe walikuwa wamepita kwenye pamba. Sikuuliza tena. Nikasafisha, nikahesabu, zikatimia kumi na mbili, nikafunga."

Jumatano iliyofuata, Bwana Shauri, Mdachi aliyekuwa mkuu wa boma wakati ule na ambaye sasa amesharudi Ulaya, alifanya baraza uwanjani. Watu kama mia mbili waliletwa kusikiliza, wengi wao kutoka kijiji cha Tatu. Swalehe alikuwa amefungwa mikono. Bunduki yake ilikuwa mezani, na kando yake kitambaa cheupe chenye risasi.

Bashiru aliitwa mbele kama fundi wa serikali. Bwana Shauri alimwekea risasi kiganjani.

"Fundi. Risasi hii inaingia katika bunduki hii?"

Kabla hajajibu, Swalehe aliinua kichwa.

"Fundi Bashiru," alisema, "bunduki yangu unaijua kuliko mimi. Umeitengeneza kwa mikono yako. Sema unalolijua."

Bashiru aliigeuza risasi. Hapa anaacha kusimulia, anamwangalia karani, anasubiri mpaka karani anatoka kwenda kunywa maji. Kisha anaendelea.

"Niliiona palepale. Nisikudanganye, mwanangu, kwamba sikuiona. Bunduki ya Swalehe na bunduki za askari zina unene mmoja, na zote zina mifuo minne. Mtu mwingine angesema ni mamoja. Lakini ya Kifaransa inazungukia kushoto. Ile risasi kiganjani mwangu, ukiisimamisha kwa kitako, michoro yake ilikuwa imeinamia kulia. Haikutoka katika bunduki ya Swalehe. Haikuweza."

Akaifungua bunduki ya Kifaransa, akaitia risasi nyuma ya mtutu. Ikakaa.

"Inaingia, bwana," alisema.

Basi. Hakuongeza neno. Aliulizwa kama inaingia, naye akajibu kwamba inaingia, na kila herufi ya jibu lile ilikuwa kweli. Karani aliandika. Swalehe akainamisha kichwa. Hukumu ilikuwa kunyongwa Alhamisi alasiri. Kijiji cha mkewe, kwa kosa la kumficha muasi, maghala yake yote ya mpunga yachomwe moto.

"Nilipokuwa nairudisha ile risasi kwenye kitambaa, nilikuwa namwona Khamisi," anasema Fundi Bashiru. "Nikasema moyoni, haya, Swalehe, sasa ni zamu yako. Utamu wa neno lile haukufika hata mlangoni kwangu."

Mwanahawa, mkewe, ni mwanamke mwembamba anayesema kwa kukata. Alikuwa anapepeta mchele mumewe alipoingia, na anasema alijua kuna jambo kwa jinsi alivyoketi bila kunawa.

"Nikamwambia, Baba Mashavu, una nini? Akanieleza. Akanieleza yote, mpaka michoro ya kulia na kushoto. Alidhani nitampa pole."

Hakumpa pole. Alimwambia: "Khamisi alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Hakufungwa kamba. Huyu uliyemwacha kule uwanjani amefungwa."

"Akaniambia, naogopa," Mwanahawa anaendelea. "Nikamwambia, ogopa. Lakini nenda."

Alhamisi, jua lilipotoka tu, Bashiru alikuwa mlangoni kwa Bwana Shauri akiwa na mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia bunduki, pamoja na madonge mawili ya madini laini ya risasi na mafuta ya nazi kwenye kibuyu. Aliomba aletewe bunduki ya Kifaransa na bunduki moja ya askari, yoyote ile. Mdachi, labda kwa udadisi, alikubali.

Bashiru akapaka mafuta donge la risasi, akalisukuma kwa mdeki katika mtutu wa kwanza hadi likadondoka upande wa pili. Akafanya hivyo katika mtutu wa pili. Akayasimamisha madonge mawili mezani, na katikati yake akaomba iwekwe ile risasi iliyomuua Shabani. Hakuhitaji kueleza mengi. Donge moja lilikuwa na michoro iliyoinamia kushoto, jingine kulia. Na ile ya katikati, kulia.

Bwana Shauri alichukua kioo cha kukuzia, akainama. Alikaa hivyo, Bashiru anasema, muda wa kutosha mtu kuvuta sigara nzima.

"Inaweza kuwa bunduki ya askari iliyoibwa," alisema hatimaye.

"Hakuna iliyoibwa, bwana. Zote kumi na mbili zinalala hapa. Nazihesabu mimi. Na siku ile sita zilikuwa na masizi."

Mdachi akaweka kioo chini. "Umesema kweli," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Risasi ni ya askari. Sasa niambie. Jana ulisema nini?"

"Jana niliulizwa kama inaingia."

"Watu mia mbili walisikia. Nimekwisha kuandika. Nimekwisha kusema. Leo niwaite tena, niwaambie serikali imekosea, na askari wangu amemuua mtu wangu? Wakati vilima vyote vinawaka?" Akayachukua madonge yale na ile risasi, akavifunga katika kitambaa, akatia mfukoni. "Kama ungesema jana, mbele yao, ningekuwa na kazi ngumu. Leo sina kazi. Kazi uliimaliza wewe."

Kisha akamwita askari. Fundi Bashiru alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kosa la kuichezea serikali. Na kwa sababu mtu mwenye jicho kama lile hafai kuachwa azurure mitaani, akaambiwa kuanzia siku ile atafanya kazi ndani ya boma, bunduki zote zitakazokamatwa zipitie kwake. Ametoka mara chache tangu hapo, na kila mara kwa cheti.

Alasiri alikuwa amelala kifudifudi katika karakana, mgongo umepasuka, wakati Swalehe alipopitishwa. Njia ya kwenda kwenye mti inapita mlangoni. Mwinda tembo alisimama kidogo, na askari wakamwacha asimame.

"Alinitazama mgongo," Bashiru anasema. "Nadhani alielewa kwamba nimekwenda kusema, na kwamba nimechelewa. Hakunitukana. Alisema tu, 'Fundi, ile bunduki usiikate. Ina mtambo mzuri.' Wakamsukuma."

Wiki ile ile aliamriwa aikate. Akaikata.

Moshi wa maghala ulionekana kutoka upande wa pili wa mto kwa siku mbili. Mpunga wa mwaka mzima uliteketea, na mbegu pamoja nao. Njaa iliyofuata haikuchagua kijiji, lakini kijiji cha Tatu ilikikuta hakina hata punje ya kuanzia. Watu waliingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwitu inayolika. Walipokosa ming'oko wakachimba ndiga, viazi vya mwitu vyenye sumu ambavyo huloweshwa siku nyingi kabla ya kuliwa, na ambao njaa haikuwaruhusu kusubiri walikufa. Wazee wa kijiji wanasema walizika watu sitini na wawili katika miezi minane. Mmoja wao ni mtoto wa mwisho wa Tatu.

Na kijiji kilikuwa na mtu wa kulaumu. Serikali ilikuwa imesema wazi barazani kwa nini maghala yanachomwa. Swalehe hakuwapo tena kusikia, kwa hiyo lawama zilimfikia mjane wake. Alinyimwa mbegu mgao ulipokuja. Alihamishiwa shamba la pembezoni, linalokanyagwa na viboko. Watoto wake wawili waliobaki, Biasha na Haruni, wenzao huwaita watoto wa mchoma maghala.

Habari hizi Bashiru alizisikia kidogo kidogo kwa wapiga kasia. Januari mwaka huu alipata cheti cha siku nne kwenda kuzika jamaa yake. Baada ya maziko alivuka bonde hadi upande wa Mkongo, amebeba pishi mbili za mchele.

Hakupita mbele ya nyumba. Alizungukia uani, saa za mchana wakati watu wako mashambani, akamkuta Tatu anatwanga majani ya kunde. Akamsimulia yote amesimama, kibuyu cha maji kiko baina yao na hakuna aliyekigusa.

Tatu aliendelea kutwanga hadi alipomaliza kusikiliza. Kisha akamuuliza swali moja.

"Hayo uliyosema barazani, uliyasema mbele ya watu wangapi?"

"Mia mbili."

"Na haya unayoniambia sasa, unayasema mbele ya watu wangapi?"

Tatu akauchukua mfuko wa mchele.

"Mchele naupokea, shemeji, kwa sababu watoto wana njaa," alisema. "Maneno yako sijayapokea. Uliyoyasema mbele ya watu huwezi kuja kuyafuta uani kwangu. Njoo siku watu wakiwapo."

Alimwita shemeji, kama wanawake wa huku wanavyomwita rafiki wa mume. Bashiru anasema neno hilo lilimuuma kuliko vile viboko.

Tangu arudi, amekuwa akifikiri jinsi ya kwenda. Si safari ndefu, lakini ina mambo mawili yanayoogopesha. La kwanza ni boma: akienda kusema hadharani kwamba askari ndiye aliyeua, na kwamba mkuu wa boma aliona na kunyamaza, hajui nini kitamngoja akirudi. La pili ni kijiji chenyewe. Watu waliozika sitini na wawili wakiambiwa kwamba maghala yao yalichomwa kwa sababu fundi mmoja aliuma ulimi, hawatauliza kuhusu mifuo ya kulia na kushoto.

"Hilo la pili ndilo linalonitoa jasho," anakiri. "Askari akinipiga najua ananionea. Wale wakinipiga, nitasema nini?"

Alipoulizwa kama haogopi jina lake kuchapwa gazetini, aliomba mambo mawili: jina liandikwe lote, Bashiru bin Mtoro wa Nyamisati, na gazeti lisomwe kwa sauti msikitini Kibiti kwa wale wasiojua kusoma. "Likishasomwa, sitaweza tena kurudi nyuma," alisema. "Najijua. Nikiachiwa nafasi ya kunyamaza, nitaitumia."

Ameshachagua siku. Ni Ijumaa ya kwanza baada ya mavuno ya mpunga, watu wa kijiji cha Tatu wakitoka kusali, kabla hawajatawanyika. Mwaka huu mpunga umesimama vizuri, na watu walioshiba kidogo, anatumaini, watasikiliza hadi mwisho kabla ya kuinuka. Cheti hatakiomba, maana atanyimwa. Ataondoka na mtumbwi wa wakata boriti, arudi akiweza kurudi.

Hatakwenda kuomba msamaha, anasema. Anataka mambo matatu yatamkwe mbele ya wale wale mia mbili, au waliobaki kati yao: Swalehe hakumuua Shabani, yeye Bashiru alijua tangu barazani, na Tatu arudishiwe shamba lake na apewe mbegu kama wengine.

Mwanahawa, aliyekuwa amekaa mlangoni akimsuka binti yake Mashavu wakati mumewe akisema hayo, aliulizwa kama atamwacha aende.

"Nitakwenda naye," alijibu bila kuinua uso. "Nitapanda naye mtumbwi, nitamfungia chakula cha njiani, na tukifika nitahakikisha amesimama pale. Ila wakati anasema, sitakaa upande wake. Nitakwenda kukaa na Tatu."

Fundi Bashiru alimsikia. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mtutu mwingine, akauelekeza kwenye mwanga.